Mkunjo wa Kumi na Saba

...na asiposema nani atajua, mkunjo mmoja kati ya mia mbili, Tomoe aliwaza, na ng'ambo ya meza Bwana Hirabayashi, mkuu wao, alishaanza ukaguzi, "Mkunjo wa kumi, sawa!", kidole mbele, macho yakifuata kidole, mdomo ukifuata macho, maana hapa husemi sawa kwa kitu ambacho hujakinyooshea kidole mbele ya wenzako, na kila mtu huita mikunjo aliyoikunja yeye mwenyewe, kwa hiyo wa kumi na saba ni wake, ulitakiwa upande kama mlima na yeye kaushusha kama bonde, jana, vidole vilijisahau vikafuata njia ya korongo wa karatasi aliyefundishwa kumkunja na bibi yake kule Niigata kabla hajajua kusoma, mikono iko kwenye tanga na moyo uko kwa mwanawe Nagisa, miezi minane, meno mawili... "Kumi na mbili, sawa!"... tanga la chombo cha anga, jembamba kuliko unywele, litakalofunguka angani likisukumwa na jua, na mkunjo ukiwa kinyume litang'ang'ania, litachanika, huko ambako hakuna mkono wa kufika, na siku ya kwanza kazini aliuliza, "Upepo wa huko una nguvu kiasi gani?" Mama Kuniko, mkunjaji mwenzake, akacheka mpaka barakoa ikamshuka, lakini Hirabayashi hakucheka, alisema, "Si upepo, Mama Nagisa, ni mwanga wenyewe," "Kwani mwanga una uzito?" "Hauna tungamo hata chembe," "Sasa unasukuma na nini, mnanitania mgeni!" "Una nishati, na nishati inayokwenda hubeba msukumo, chukua nishati yake ugawanye kwa kasi yake, umeupata, sisi tukisimama bado tupo, mwanga hausimami, kuwepo kwake ni kwenda," tena tanga lote hili, kubwa kama kiwanja cha tenisi, husukumwa kwa uzito wa punje tisa za mchele, na jioni ile alimwekea Nagisa punje tisa kiganjani, mtoto akazitazama kama mtu aliyepewa dunia, halafu akataka kuzila... "Kumi na nne, sawa!"... Tomoe akisema, ni siku mbili za kufumua, na kesho binti yake Hirabayashi anaanza darasa la kwanza, suti imeshanunuliwa, picha ya begi jekundu la ngozi wameionyeshwa wote mara tatu, atakosaje siku ile kwa ajili ya vidole vya Tomoe, basi kunyamaza si ndiyo huruma... lakini jana, jana hiyohiyo, maziwa yalipomvuja yakalowesha vazi jeupe la kazi na yeye akaganda kwa aibu, nani kama si Hirabayashi aliyegeukia ukuta akasema kwa sauti, "Jamani nina kiu, tupumzike!", na mapumziko yalipokwisha chupa yake ya chai ilikuwa bado imejaa, Tomoe aliiona, neno lisilo na uzito wowote, na limemsukuma mpaka leo... "Kumi na tano, sawa!"... na si yeye Hirabayashi aliyesema mwanga ukimezwa husukuma mara moja, ukigonga na kurudi husukuma mara mbili, basi wema ule akiumeza utaishia humu kifuani, na yeye atakuwa amempeleka mwenzake shuleni kwa tabasamu huku tanga lake likichanika gizani, hapana, aende tu kesho, na begi jekundu, na picha, mimi na Mama Kuniko tutafumua, vidole hivi vinaijua njia viliyopotelea... "Kumi na sita, sawa!" akaita Mama Kuniko, kisha akamgusa kwa kiwiko, kidogo tu, kama punje, "Haya, mwanangu, zamu yako," na chumba kilikuwa kilekile, meza ileile, mwanga wa dirishani ukigonga tanga na kuruka mpaka kidevuni kwa Hirabayashi, naye akingoja bila haraka, na Tomoe akanyoosha kidole, macho yakafuata kidole, mdomo ukafuata macho, "Mkunjo wa kumi na saba, si sawa!"