Imeshiba

…na ya tisa imekaa, chanya juu, hasi chini, bado moja, mkono usitetemeke, ncha ya chuma cha kulehemu inatoa moshi mwembamba, ukiiacha mpaka hesabu ya tatu betri inachemka kwa ndani, Baba ndiye aliyenifundisha, gusa, moja, mbili, ondoa, gusa, moja, mbili, ondoa, na huko barazani mkongojo wake unagonga sakafu, ko, ko, "Unalehemu au unapika, mama?", mama ndiyo mimi, ananiita hivyo tangu utotoni, "Nalehemu, Baba", "Basi mbona harufu ya kuungua", na Mama mwenyewe anacheka, anamwambia mwache mtoto afanye kazi, mtoto, miaka ishirini na saba, mtoto… ya kumi iko kiganjani, mpya, nzito, baridi, na upande wa kushoto wa meza zimelala zile kumi za zamani, nimezitoa ndani ya drili jinsi zilivyokuwa, zimeshikana mikono kwa vibati vyao, hazina kutu, hazikuvimba, hazikuvuja, zinaniangalia, betri haziangalii mtu, ndiyo, lakini hizi zinaniangalia, "Na hizo mbovu usizitupe", Baba tena, "niletee na mita, nizipime moja moja, nataka kuijua iliyoniangusha", na mimi nasema "Haya", haya gani, haya ya nini, ulimi wangu huu hauna hata aibu, ulishasema uongo mmoja wa neno moja na mtu akavunjika nyonga.

Imeshiba, nilisema. Baba hapandi ngazi kabla hajauliza, miaka yote, kwenye kila nyumba tuliyofanya kazi, anaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, "Imeshiba?", yaani drili imejaa chaji, na aliyekuwa kwenye chaja ndiye anayejibu, hakuna mwingine, na Baba hajaribu drili, habonyezi kitufe hata mara moja akiwa chini, anasema huko ni kumtukana mwenzako, anapokea, anapanda, basi… na siku ile soketi ilikuwa moja tu ukutani, simu yangu imebaki na pumzi ya mwisho, na mimi nasubiri simu ya mtu aliyesema atapiga saa nne, nikachomoa chaja ya drili, nikasema dakika tano tu, nikachomeka simu, dakika tano zikawa saa nzima, na yule bwana hakupiga, mpaka leo hajapiga, natamani ningeweza kucheka… "Imeshiba?", "Imeshiba, Baba", nikampa mkononi, wala sikupepesa macho, skrubu ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia, ya tatu ikaingia nusu darini na drili ikanyamaza, akaisukuma kwa bega, kwa uzito wote, ngazi ikateleza kidogo tu, upana wa kidole, halafu ule mlio, si wa ngazi, mlio mwingine, mkavu, nausikia nikipiga mswaki, nausikia sasa hivi chini ya ko, ko, ya mkongojo.

Miezi minane anawaambia watu, betri zimezeeka, zimenisaliti, na majirani wanatikisa vichwa, na mimi nawaletea chai. Jana alipokwenda kliniki na Mama nilizichaji, kwa muda wa saa nne nzima, nikabonyeza kitufe, drili ikanguruma mpaka meza ikatetemeka, nzima, zote kumi nzima, nikakaa chini sakafuni nikiwa nimeishika mapajani kama mtoto aliyesingiziwa… na bado leo nimeifungua, nimezitoa, nimezipanga hapa kama maiti ambazo hazijafa, kwa sababu mpya zimeshakuja na yeye amefurahi, "Wiki ijayo napanda ngazi, mtaona", na atapanda, ataweka mguu kwenye kidato cha kwanza, atanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na atauliza, na nani atajibu.

Waya upo. Kipande hiki, urefu wa kidole, ncha moja huku, nyingine kule, zitapata moto, zitamwaga chaji yote, dakika chache tu, nitampelekea na mita, sindano italala sifuri, atasema "Si unaona, mama, si niliwaambia", atazitupa kwa mkono wake mwenyewe, kwisha, atalala vizuri, nami… waya uko vidoleni, sijui niliuokota saa ngapi, ncha ya kwanza inagusa, hakuna kitu, ncha ya pili iko juu ya kibati, unene wa karatasi tu, cheche inasubiri, moja, mbili, "Mama!", nimeshtuka, "usiharakishe, fundi wangu, hiyo ya mwisho ndiyo huwa inapinda, mimi sina haraka, nakuamini", nakuamini, amelisema huku anasonya mkongojo ulioteleza, jinsi mtu anavyosema nipe maji.

Waya umeanguka. Hapana, nimeuweka chini, tusianze tena. Chuma bado kina moto, ya kumi bado iko kiganjani, imeanza kupata joto la mkono wangu, mita iko rafuni, itabidi ninyanyuke, zile za zamani nitazibeba kwa mikono miwili jinsi zilivyo, zimejaa, atazipima moja moja na kila moja itasema, mpaka atakapoinua macho, na kabla hajainua niwe nimeshasema mimi, si betri…

"Bado, mama?"

"Bado, Baba. Nakuja nazo," na sauti ni yangu, "siku ile… uliponiuliza… haikuwa imeshiba."

Ko.