Kijani cha Mshumaa

Na ijulikane kwa mataifa yote, kwa wafalme wao na makarani wao, kwamba uchoraji wa kisasa uliingia rasmi mtaa wa Carlton, mjini Melbourne, siku ya Ijumaa, jua likiwa limekwisha kuzama. Uliingilia jikoni. Sufuria ya samaki ilikuwa imekalia nusu ya meza, wazazi walikuwa wamealikwa kula kwa shangazi, na msanii mwenyewe, Tauba Grynholc, alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu ya mafua.

Jumanne iliyofuata picha ilikuwa imeegemezwa kwenye kabati la vyombo, na Tauba alikuwa akimsubiri baba yake aje kuitazama. Alichokitaka ni chumba cha mbele. Baba, Mzee Pinkus, alikuwa akifundishia watoto Torati humo, lakini darasa lilikuwa limehamia sinagogi, na sasa chumba kilikaa bure na dirisha lake la kusini, lisiloingiza jua, lenye mwanga usiobadilika tangu asubuhi mpaka jioni. Mama alitaka kukipangisha kwa mshona kofia. Tauba alitaka kukichorea, maana kuchora jikoni ni kuhamisha rangi kila mtu anapotaka chai. Mzee alisema atakata shauri akishaiona kazi, na sharti lake ni moja: tangu jua la Ijumaa linapozama mpaka nyota za Jumamosi, ni Sabato, na katika nyumba yake brashi haiguswi, kama cherehani isivyoguswa. Tauba alijibu kwamba hilo halina haja ya kusemwa. Alijibu haraka kidogo.

Mzee Pinkus akaja, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Meza ilikuwa ya buluu, imeinama kama inayotaka kumwaga chakula. Mikate miwili ya kusuka ilielea hewani. Nyuma yake alikaa mwanamke mwenye uso wa pembetatu.

"Huyu nani?"

"Mama."

"Alikukosea nini?"

Tauba akamweleza, kwa sauti ya mtu aliyesoma majarida yote kutoka Paris, kwamba wasanii wa sasa hawachori wanachokiona. Wanachora kinachobaki kichwani. Mzee akasema afadhali, maana tangu aingie alikuwa akihofia macho yake. Akauliza kama ni kweli aliichora Jumatano, kama alivyomwambia mama yake. Tauba akasema ndiyo, Jumatano, na yote ilitoka kichwani.

Kisha Mzee akaiinamia mishumaa ya Sabato. Ilikuwa imeungua mpaka chini kwenye vinara, na ndimi zake zilikuwa na ukingo wa kijani.

"Hapa umetunga," alisema. "Nimeitazama mishumaa ya mama yako miaka yote, na ya mama yangu kabla yake. Moto ni wa njano. Hicho kijani kilikuwa kimekubakia kwenye kopo, ukaona usikitupe."

Tauba angeweza kumeza tusi lingine lolote. Lile la uso wa mama alikuwa amelimeza bila maji.

"Sikutunga," alisema. "Mwanzo ni wa njano, baba, na nyinyi mnakwenda kulala ungali wa njano. Ukifika chini unalamba shaba ya kinara, ndipo kijani kinatokea. Kinakaa kidogo tu. Niliukodolea macho, brashi mkononi, nikakiwahi kabla haujazimika."

Mzee akavua miwani.

"Na huo ni mshumaa wa Jumatano."

Tauba akaitazama picha, kana kwamba yule wa pembetatu angemtetea. Hakumtetea.

"Ni wa Ijumaa," alisema. "Mlipokuwa kwa shangazi."

Mzee hakupaza sauti. Alivuta kiti, akaomba chai, akainywa yote macho yakiwa kwenye ule ukingo wa kijani. Halafu akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani.

"Mshona kofia atatafuta kwingine. Lakini kila Ijumaa, kabla mama yako hajawasha kiberiti, ufunguo huu unarudi kwangu. Utakaa nami hapa unionyeshe hicho kijani chako. Kutazama sijakataza. Jumapili utakichora kwa kichwa, kama mlivyo nyinyi wa kisasa."

Tauba akauchukua ufunguo upesi, baba asije akabadili mawazo. Alikuwa keshafika mlangoni Mzee alipomuuliza mafua yake yanaendeleaje.

"Hayakuwepo, baba."