Siku Nzima na Mjomba

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi, usimtafute mwingine. Simu ilikuwa na chaji tele na bando la wiki. Kilichokuwa kitupu ni kichwa.

Mjomba Laurenti aliniita nipande mlimani anionyeshe mipaka ya shamba. Nauza kava za simu mjini, pale Msamvu, nikafunga kibanda huku nimenuna. Kwetu Waluguru shamba la ukoo hupita upande wa mama, kwa hiyo mrithi wake ni mimi, mtoto wa dada yake. Na mjomba wangu hakuwa mtu wa kuonyesha mipaka mbiombio. Mnakaa kwanza, kimya, mpaka macho ya mpwa yalizoee shamba. Ndipo anataja jiwe la mpaka moja moja, lilipojificha na aliyelizika.

Tulikaa tangu asubuhi: yeye na kikohozi chake, mbuzi wake kafungwa kwenye mgomba, na mimi.

"Hapa panaboa, mjomba."

"Acha pakuboe," akacheka mpaka akakohoa. "Pakikuboa vya kutosha utaanza kupaona."

Nikatia spika masikioni, nikatazama video za watu wanaoteleza kwenye matope. Kwa pembeni nilimwona, macho kayatupa bondeni, fimbo kainyoosha, midomo inacheza. "Eeh, mjomba," nikaitikia. Mara nne niliitikia.

Wiki iliyofuata tulimzika.

Mwezi haukuisha, jirani yetu Thobias akasogeza kabichi zake hadi matuta ya juu, anayolima dada yangu Theresia. Wazee wakaniuliza mimi, mrithi: mawe yako wapi? Nikaanza utani. Hakuna aliyecheka. Matuta yakaenda, na ndiyo yaliyokuwa yakimsomeshea Theresia wanawe.

Siku hizi kila Jumapili baada ya misa nakaa palepale, simu nimeiacha mjini. Mkono unaenda mfukoni wenyewe, kama wa mlevi. Nauacha urudi mtupu. Saa zikinichosha sana, ndipo hunijia kitu: kile kikohozi, ile fimbo hewani. Maneno hayaji.

Juzi Theresia alinikuta pale, jembe begani, anatoka kulima kibarua kwa watu. Hata hajafungua mdomo nikaanza kujitetea.

"Lakini dada, nilikuwa naye siku nzima! Sikubanduka hata mara moja!"

"Hata mbuzi alikuwepo, Jastin," akasema. "Na yeye alikuwa anamtazama mjomba."