Misumari Mitatu ya Élise

Élise alikuwa akikwangua kutu ya kijani kwenye vichwa vya betri kwa ncha ya kisu, taratibu, kama mtu anayemenya kiazi cha moto. Mvua ilikuwa imenyesha Butembo siku tatu bila kupumzika, na kioo cha sola kilichokuwa juu ya bati hakikuwa kimeona jua tangu Jumapili. Alifunga waya, akawasha fonie, redio yake ya kupelekea maneno, akaangalia mshale mdogo. Ulipanda hadi chini kidogo ya nusu, ukatetemeka, ukatulia.

"Dakika kumi na tano za kusema," alijiambia. "Labda na mbili zaidi."

Huo ulikuwa mwaka wa tatu wa vita. Simu hakuna, posta hakuna, na barabara ya Beni ilifunguka na kufungika kama mlango usio na kitasa. Mtu aliyetaka kujua kama ndugu yake wa Lubero yu hai alikuja kwenye chumba hiki kidogo, ubavuni mwa kanisa, akaandika neno lake kwenye kipande cha karatasi, akampa Élise. Ukutani, nyuma ya kiti chake, kulikuwa na misumari mitatu. Wa kwanza ulishika maneno ya leo. Wa pili, yale yanayoweza kungoja kesho. Wa tatu, salamu.

Hakuna aliyemfundisha. Mwanzoni alisoma karatasi kama zilivyokuja, aliyetangulia kufika akisomewa kwanza, mpaka siku moja betri ilipozimika katikati ya salamu ndefu za harusi, na chini ya karatasi hiyo kulikuwa na ombi la serumu ya mgonjwa. Tangu siku ile alipigilia misumari, na kila aliyeingia alimuuliza swali moja.

"Hii neno ikifika kesho, nini itaharibika?"

Asubuhi hii alikuwa amemuuliza Salomon, mfanyabiashara wa maharagwe, mtu mnene aliyevaa koti la ngozi hata wakati wa joto. Dereva wake alikuwa katika mji wa Kirumba, akingoja amri ya kupakia.

"Maharagwe itaharibika, mama! Italowa yote!"

"Iko inje ao ndani?"

"Iko ndani ya depo, mais..."

"Donc hapana lowa."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Salomon naye alicheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, na karatasi yake ikaenda msumari wa pili, ya kwanza kabisa.

Nyuma yake alikuwepo mzee Gamaliel, mkulima wa viazi kutoka milima ya upande wa Lubero. Alivua kofia. Alimsalimia Élise, akauliza habari za watoto wake, za mama yake, za kuku. Karatasi yake ilikuwa na mistari miwili kwa binti yake Emérence, anayekaa Beni, mtaa wa Bungulu: *Mama anakusalimia sana. Anataja jina lako.*

"Hii neno ikifika kesho, papa, nini itaharibika?"

Mzee alitazama watu nyuma yake, kisha kofia yake.

"Hapana kitu, mwanangu."

Karatasi ikaenda msumari wa tatu.

Sasa ilikuwa karibu saa tano. Élise alikuwa amemaliza msumari wa kwanza: sindano za zahanati ya Lubero, mtoto aliyepotea akaonekana, familia sita zilizokimbia na kutafuta pa kulala. Aliandika kila jibu kwa kalamu ya risasi, akakata maneno ya ziada, kwa sababu kusikiliza kulikula betri kidogo lakini kusema kulikula sana. Mshale ulikuwa umeshuka karibu na alama nyekundu. Ilibaki nguvu ya kusema neno moja tu, fupi. Na Ésaïe, mwenzake wa fonie ya Beni, alifunga yake saa tano kamili ili kutunza betri.

Alinyoosha mkono kwenye msumari wa pili. Salomon, aliyekuwa ameegemea mlango, alijinyoosha.

Hapo ndipo Élise alipotazama nje.

Watu wa msumari wa tatu walikuwa wamekwenda zao, kama kawaida. Waliacha salamu, wakarudi mashambani, wakijua zitapita siku jua likiwaka. Lakini mzee Gamaliel alikuwa bado amekaa kwenye benchi chini ya ukingo wa bati. Matope yalimfika magotini. Alikuwa ametembea kwa muda wa saa tatu katika mvua ile.

Nani anatembea saa tatu katika mvua kupeleka salamu?

Élise alisoma tena karatasi yake. *Anataja jina lako.* Aliirudisha karatasi ya Salomon kwenye msumari, akatoka, akafunga mlango nyuma yake, jambo asilolifanya kamwe fonie ikiwa inawaka. Akakaa benchini.

"Papa," alisema polepole, "mama anakula?"

Mzee aliangalia mvua.

"Tangu siku ya Yenga, siku ya kanisa, maji tu. Maji ya kijiko."

"Nilikuuliza asubuhi. Juu ya nini haukusema?"

"Uliniuliza mbele ya batu." Sauti yake haikupanda. "Ningesema nini, mwanangu? Ningemuzika na mudomo yangu, na yeye iko anapumua?"

Élise aliinuka, akafungua mlango. Salomon alikuwa amesimama mbele ya misumari.

"Bon. Sasa ni yangu."

"Hapana, papa Salomon. Ni hii."

"Hii? Hii ni ya tatu! Niliona na macho yangu, uliiweka pale!"

"Nilikosa," Élise alisema.

Salomon alikuwa amesimama mbele ya meza nyingi za ofisi katika maisha yake, na hakukumbuka kumsikia mtu aliyekaa nyuma ya meza akisema neno hilo. Alitazama benchi kupitia mlango. Kisha akasogea, akampisha.

Élise alichukua kipaza sauti. Hakutaka kumtangaza mama yule mgonjwa kwa kila mtu aliyetega sikio, kuanzia Kirumba mpaka Beni. Alifikiri kidogo, akabonyeza.

"Butembo inaita Beni. Ésaïe, unanipata? À toi, sema."

"Nakupata, mama Élise, lakini uko mbali. Nilikuwa nafunga. À toi."

"Emérence wa Bungulu, mutoto ya Gamaliel. Papa yake anamuita. Leo. Apande kamioneti ya saa sita. Abebe nguo za siku mingi. À toi."

Fonie ilikoroma. Ésaïe aliyarudia maneno ya mwisho polepole, na Élise alijua ameelewa kwamba kuna mgonjwa wa kuagwa.

"Nguo za siku mingi. Sawa. Nitaenda mimi mwenyewe, napanda kin..."

Mshale ulilala. Taa ndogo ikafifia, ikazimika.

"Kinga," alisema Salomon mlangoni, kana kwamba alikuwa akimalizia sala. "Alisema anapanda kinga, ile baiskeli yake. Na kinga, Bungulu si mbali."

Élise alimweleza mzee, naye akavaa kofia yake, akashukuru mara mbili, akaanza kupanda mlima kurudi kwa mkewe.

Mchana mvua ilipungua. Élise alihamisha karatasi ya Salomon kutoka msumari wa pili hadi wa kwanza, tayari kwa kesho. Mwisho kabisa wa msumari wa tatu ilining'inia karatasi iliyoanza kuwa ya manjano, yenye mwandiko wa Élise mwenyewe, kwa dada yake wa Kirumba. Aliinyoosha kona, akaiacha.

Kisha akapanda kwenye ngazi na kitambaa, kupangusa kioo cha sola na kukigeuza kuelekea upande jua lingechomoza asubuhi.

Jioni ilikuwa bado haijaingia aliposikia injini kwenye barabara ya Beni, ikipanda kwa taabu katika matope. Kamioneti ilipita bila kusimama. Juu ya magunia, kati ya watu waliojifunika plastiki, mwanamke mmoja alikuwa amekumbatia furushi kubwa magotini, uso ameugeuzia milimani.

Élise hakuwahi kumwona Emérence. Alisimama kwenye ngazi, kitambaa mkononi, mpaka injini haikusikika tena. Nusu ya kioo ilikuwa bado na matope.