Aliyebaki Akikamua

Mkuu wa shule alipofika kuwapa habari, Orville Stenerud alikuwa jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Hakuinuka. Vidole vingi vya miguu hiyo vilibaki kwenye vilima vya Korea, vimeuawa na baridi, na vichache alivyorudi navyo vilimsumbua kila theluji ilipoanza kuyeyuka.

"Mzee Stenerud, jimbo limepitisha sheria," alisema Bwana Pruitt, kijana aliyevaa tai hata siku ya Jumamosi. "Askari aliyeacha shule akaenda vitani, sasa tunampa cheti chake cha sekondari. Mwezi wa sita utapanda jukwaani pamoja na wanafunzi wetu."

"Nitapanda na nini? Na huu?" Orville akatoa mguu mmoja majini, ukachuruzika sakafuni.

"Baba!" Huyo alikuwa Marlys, binti yake, ambaye ndiye aliyepeleka jina la baba yake shuleni bila kumwambia.

"Nina miaka sitini na minane, mwanangu. Nikakiombee kazi wapi hicho cheti?"

"Si cha kazi. Ni heshima."

"Basi heshima iletwe na posta. Nimechoka."

Na kweli alikuwa amechoka. Vuli iliyopita walikuwa wameuza ng'ombe wao wote, na watu walidhani sasa mzee atapumzika. Lakini mtu aliyeamka kukamua tangu utotoni hajui kulala. Aliendelea kuamka na giza, akakaa jikoni kusikiliza zizi lililo kimya, na kufikia adhuhuri alikuwa hoi kuliko enzi za kazi.

Verna, mkewe, alikuwa akimenya viazi, mgongo amewapa. Bwana Pruitt akataka naye apate neno. "Na wewe mama, ulisoma shule hiyohiyo?"

"Darasa moja na huyu. Mimi mbele, yeye nyuma kabisa, kazi yake kunirushia chaki."

"Kumbe wewe ndiye ulimtangulia kumaliza!"

"Sikumaliza."

"Ah. Ikawaje?"

"Ng'ombe," Verna akasema, akachukua kiazi kingine.

Bwana Pruitt akacheka, akidhani ni utani. Marlys naye akatabasamu. Orville peke yake hakucheka. Alibaki akitazama maji ya beseni mpaka yakapoa.

Mambo yalikuwa hivi. Orville aliondoka kwenda vitani katikati ya mwaka wa mwisho wa shule, ana miaka kumi na saba, baba yake ametia sahihi ya kumruhusu. Miezi michache baadaye, wakati wa kulima, trekta lilimpindukia baba huyo likamvunja nyonga. Wadogo zake Orville walikuwa bado wa kushikwa mkono. Verna wakati huo alikuwa mchumba tu, hana pete. Alianza kwa kuja alfajiri kumsaidia mama mkwe mtarajiwa, kisha anakwenda shule akinuka maziwa. Halafu akawa anachelewa. Halafu, mitihani ikiwa imekaribia, akaacha kwenda. Orville aliporudi akichechemea, alimkuta zizini na mabuti ya baba mkwe miguuni, anajua jina na tabia ya kila ng'ombe. Wakaoana msimu huohuo wa kiangazi. Habari ya shule haikutajwa tena, wala hapakuwa na saa ya kuitaja.

Jumatatu bodi ya shule ilikutana. Orville akavaa shati la kanisani, akaendesha pikapu mwenyewe, akakaa nyuma akingoja zamu yake. Mwenyekiti alikuwa Darlene Voigt, binti ya yule aliyekuwa akipita mashambani kukusanya maziwa.

"Karibu, Mzee Orville. Umekuja kutushukuru?" akamtania.

"Nimekuja kuomba. Hicho cheti chenu, mpeni na Verna."

Darlene akavua miwani. "Verna alikuwa jeshini?"

"Alikuwa zizini. Darlene, mimi nilipokuwa kule, unadhani nani alikuwa anakamua? Yale maziwa baba yako aliyoyabeba, alikuwa anayatoa wapi?"

Watu wakainamisha vichwa. Hakuna hata mmoja pale aliyelelewa mbali na ng'ombe.

"Nakuelewa kabisa," Darlene akasema kwa upole. "Lakini sheria inasema askari. Nikimpa Verna leo, kesho nitamnyima nani? Nusu ya kina mama wa kata hii waliacha shule kwa sababu kama hiyo. Upo mtihani wa watu wazima. Nitamletea vitabu mwenyewe."

"Basi na mimi sitaki changu."

Akatoka. Ngazi za nje zilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

Huku kwetu habari hazingoji mtu avae kofia. Kabla pikapu haijafika nyumbani, simu ilikuwa imeshalia. Alimkuta Verna amesimama mlangoni.

"Nani amekutuma ukaniombee?"

"Verna, nilidhani..."

"Ulidhani! Umenisimamisha mbele ya bodi nzima kama mtoto aliyenyimwa pipi. Jumapili nikienda kanisani wote watanitazama kwa huruma."

"Si haki lakini. Wewe ndiye ulikuwa na akili."

"Hilo nalijua, sihitaji bodi iniambie." Akarudi jikoni, akakaa kwenye kiti. "Miaka yote hii, Orville, hukuwahi kuniuliza mimi. Hata siku moja. Leo umekwenda kuwauliza wao."

Orville akakaa kiti cha pili, na wakala viazi vilivyopoa.

Walipotaka kulala ndipo Verna akasema, "Na huko kwenye mahafali utakwenda. Usinifanye mimi kisingizio cha kubaki nyumbani. Marlys ameshaagiza keki."

Basi akaenda. Ilikuwa Jumapili mchana, ukumbi wa michezo wa shule umejaa, joto limefunga. Walimvika joho lililomfika magotini. Mbele yake kulikuwa na vijana wanaotafuna bazoka, nyuma yake mzee mwingine aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu na ambaye hakujua yuko wapi. Jina la Orville liliposomwa, watu wote wakasimama. Makofi yalikuwa mengi, tena ya moyoni, nasi wengine tulilia. Lakini yeye, alivyosema baadaye, alikuwa akifikiria ngazi tu: kuzipanda, na halafu kuzishuka. Bwana Pruitt alimshika mkono kwa muda mrefu ili mpiga picha apate picha nzuri. Orville akatafuta uso wa Verna kati ya nyuso zile. Alikuwa anapiga makofi kama wengine, uso hauna chochote.

Baada ya keki wakarudi nyumbani. Verna ndiye aliyeendesha. Alipozima injini uani, hakuna aliyefungua mlango. Cheti kilikuwa kwenye kiti, katikati yao.

"Ulitaka kuwa nani?" Orville akauliza.

"Lini?"

"Wakati ule. Kama ungemaliza."

Verna akachomoa ufunguo wa gari.

"Nilitaka kusomea hali ya hewa," akasema. "Mvua, upepo, mambo hayo. Mwalimu wa sayansi aliniambia wanafundisha chuo kikuu, kule Madison. Alikuwa ameshaandika barua ya kuniombea nafasi."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Orville akafikiri. Angeweza kusema uongo, na pengine ungepokelewa. "Sijui," akasema. "Labda nisingefanya kitu. Ng'ombe walikuwepo."

"Ndiyo," Verna akasema. "Walikuwepo." Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetua mzigo na bado mabega yanauma.

Halafu akaanza kusimulia: jinsi alivyokuwa akiandika joto la kila asubuhi nyuma ya mlango wa zizi la baba yake, jinsi alivyobashiri mvua kubwa ya mawe na hakuna aliyemwamini. Orville alisikiliza mpaka jua likahama kwenye kioo cha gari. Miguu ilimuuma, lakini hakusema.

Darlene alileta vile vitabu vya mtihani. Verna akampa kahawa, akamshukuru, akamrudishia. "Mwanangu, mimi mitihani nimeshafanya ya kutosha," alimwambia. Cheti cha Orville alikichukua Marlys, akakitundika kwake.

Siku hizi wazee wale bado wanaamka na giza. Orville humuuliza mkewe kama mvua itanyesha. Kuna siku Verna hutoka uani, akaangalia mawingu, akamweleza kwa kirefu. Siku nyingine humwambia asikilize redio, amwache anywe kahawa yake.