Unyayo wa Mzee Sulle

Tangu mkokoteni wa ng'ombe ulipompindukia, mguu wa kulia wa Mzee Sulle haukukunjika tena. Alikaa ameunyoosha juu ya kigoda, na neno kilema lilikuwa halitamkwi katika nyumba yake pale Getanuwas.

Siku hiyo unyayo wake ulimwelekea Mama Malee, aliyetoka Thailand kuja kumposea mwanawe Anan. Mectilda, binti wa mzee na ndiye aliyekuwa akiposwa, aliliona hilo mara tu wageni walipoketi. Miaka miwili aliyosomea mifugo kule ilimfundisha kwamba kwa Wathai mguu ni kiungo cha chini kabisa, na kumwelekezea mtu unyayo ni kumdharau. Alikumbuka kununua mchele mzuri, akakumbuka maji ya chupa. Hili lilimpita, maana mguu wa baba alikwisha kuuzoea.

Mama Malee aliketi wima, miguu kaikunja upande, macho chini. Chai hakuigusa. Kisha akasema jambo kwa Kithai, polepole. Anan akainamisha kichwa.

"Amesema nini?" akauliza Ignasi, mdogo wake mzee.

Mectilda ndiye pekee aliyezijua vizuri lugha zote mbili. Angeweza kusema mgeni anasifu nyumba. Uongo ulimfika midomoni, akaumeza.

"Anauliza, Baba, kama umemkataa mwanawe."

"Nimemkataa lini?"

"Unyayo wako unamwelekea yeye. Kwao ni tusi."

Ignasi akasonya. "Mtoto wa kike unamsema baba yako mbele ya wageni?"

Mectilda akapiga magoti. "Nisamehe, Baba. Niruhusu nimweleze kwamba uliumia."

"Usinitangaze!" Sauti ya mzee ilifanya vikombe vitulie mikononi mwa watu. "Kwa wakwe ndiyo unitangaze kilema?"

Mama Malee hakuelewa neno, ila sauti aliielewa. Akaokota mkoba wake.

Mzee Sulle aliuona ule mkono kwenye mkoba. Akainama, akaanza kupandisha suruali mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka goti likaonekana, limepinda upande, kovu limelizunguka kama kamba. Watoto wake wenyewe walikuwa hawajaliona tangu alipotoka hospitali.

"Sasa mwambie," akasema. "Halafu nigeuzieni kiti."

Mectilda akaeleza. Ignasi na Anan wakakigeuza kiti, unyayo ukaelekea ukutani. Mama Malee akauweka mkoba chini, akaunganisha viganja, akaviinua hadi usoni na kuinama. Kisha akanywa chai, ingawa ilikwisha kupoa.

Posa ilipokelewa. Lakini mzee hakumsemesha binti yake siku nne. Jumapili, walipotoka kanisani, alisimama kando ya mtaro uliojaa maji ya mvua, mahali ambapo siku zote alihangaika kuvuka peke yake.

"Mectilda," akaita, bila kumtazama. "Njoo unishike mkono."