Protini Iliyomruka Mama Mkwe

Kaka yangu Ildefonce alimpita mama mkwe wake, Mama Margareta, kwenye barabara ya Mlimba akiwa juu ya pikipiki. Hakusimama wala kusalimu, akamwachia vumbi tu. Siku hiyohiyo mkewe Restuta, mama lishe, alibeba masufuria yake yote akarudi kwao. Kwa miezi miwili kaka alilala sebuleni kwangu na kumaliza sahani mbili za wali kila mlo. Nilipomwuliza lini ataomba radhi, alisema anatafuta nafasi.

Nafundisha baiolojia hapa Mbingu, na wanafunzi wangu walikuwa hawaelewi kabisa jinsi protini inavyoipata jeni yake ndani ya seli. Nikawaita wanakijiji mia tatu uwanja wa mpira, wakakaa mstari mmoja mrefu wakawa DNA. Kila mtu alishika kitu kama herufi yake: muwa, mpunga, ndizi au samaki mkavu. Protini alikuwa kaka, nimemfunga kitenge machoni, maana protini haina macho. Alitakiwa kupapasa mpaka apate muwa, mpunga, mpunga, samaki, kwa mpangilio huo, kisha akae. Akikaa, jeni imewaka. Jeni yetu ilikuwa masufuria manne ya pilau, aliyoyaleta Restuta, ambaye angewasha moto kaka akishakaa.

"Teleza mstarini," nilimwambia. "Ukiona si penyewe, achia, tangatanga, shika tena popote. Hakuna wa kukuelekeza."

Akaanza saa tatu asubuhi. Kwa kuwa alishaadhirika kwa kutosalimu, safari hii alimsalimu kila mtu, akauliza na habari za shamba. Baada ya saa nzima alikuwa kwa mtu wa kumi na tisa. Wanafunzi waliandika kwamba protini huulizia afya ya watoto.

Saa sita akashika muwa, kisha mpunga, kisha mpunga mwingine. Mwenye mpunga wa pili hakuitikia salamu, alikuwa Restuta. Mwenye samaki akakohoa. Kaka alikijua kikohozi kile, cha mama mkwe. Akaruka juu ya watu wawili, akaenda kuangukia ndizi huko mbele. Alifanya hivyo mara tatu.

"Mwalimu, na protini nazo huruka hivyo?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

Nikasema huruka. Sikusema kwamba huyu alikuwa anaruka kwa aibu, na nilikuwa nimemchukia.

Saa tisa njaa ikazidi, DNA ikaanza kujila. Mzee Anselim alitafuna herufi yake yote. Mpangilio uliobaki mzima ulikuwa ule wa kwa Mama Margareta, kwa sababu jirani zake walimwogopa.

Mara ya nne kaka akafika. Akakoholewa. Safari hii akapiga magoti na kitenge chake machoni.

"Shikamoo, mama."

"Nani huyo?"

"Mwenye pikipiki."

"Yule alipita."

"Nimerudi, mama. Kwa miguu."

Nikaanza kuomba moyoni. Mama Margareta akamwekea samaki mkononi. "Marahaba. Kaa."

Akakaa. Watu mia tatu wakamgeukia Restuta. Alisimama, akakung'uta sketi, nikajua anaondoka. Akaenda mekoni akachukua kiberiti.

Jioni hiyo niliosha sahani moja tu, yangu, nikalia kidogo, nikailaza kwenye kabati.